Namna ya Kupunguza Maumivu ya Sindano ya Ganzi

Wapo wagonjwa wanaovumilia kushonwa jeraha lakini wakaiogopa sindano ya ganzi inayotangulia, na hofu yao ina msingi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maumivu hayo hutokana na namna dawa inavyoingizwa, na inaweza kupunguzwa bila vifaa vya gharama. Maelezo haya yanamhusu mhudumu wa afya aliyefunzwa kutoa ganzi, ingawa mgonjwa akiyafahamu atajua anachoweza kuomba.

Mchomo wa sindano huuma kwa muda mfupi tu. Kinachounguza zaidi ni dawa yenyewe, kwa sababu huitanua nyama ghafla, na pia kwa sababu lignokaini, dawa ya ganzi inayotumika sana, huwekewa asidi ili isiharibike chupani. Ile iliyochanganywa na adrenalini, dawa inayobana mishipa ya damu, huwa na asidi nyingi zaidi. Asidi hiyo hupunguzwa kwa kuongeza mililita 1 ya sodiamu baikaboneti ya asilimia 8.4 katika kila mililita 10 za lignokaini ya asilimia 1. Mchanganyiko huo uandaliwe wakati wa kutumika, kwa kuwa haukai muda mrefu. Bupivakaini, dawa nyingine ya ganzi, isichanganywe kwa kipimo hicho, kwani hufanya mashapo. Kuipasha dawa moto hadi ifikie joto la mwili, yaani nyuzi 37 hivi, nako husaidia, na faida yake huonekana hata pale ambapo baikaboneti haipatikani.

Baada ya kuvuta dawa, badilisha sindano, kwa sababu ile iliyopita kwenye kizibo cha mpira huenda imekuwa butu. Tumia nyembamba, namba 27 au 30. Kadiri namba inavyopanda ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Mbali na maumivu ya mchomo kupungua, sindano nyembamba hukulazimisha kusukuma dawa polepole.

Upole huo ndio wenye thamani kuliko yote, nao ndio unaosahaulika kwanza foleni ya wagonjwa inapokuwa ndefu. Ingiza sindano wima, ukiwa umeibana au kuivuta ngozi ya jirani, kisha toa tone dogo chini ya ngozi na usubiri kidogo kabla ya kuendelea. Usiingize dawa ndani ya ngozi yenyewe hadi ivimbe, kwa maana hapo ndipo inapouma zaidi. Iingize katika mafuta yaliyo chini yake. Unaposogea mbele, acha dawa itangulie ncha ya sindano, ili ncha ipite mahali palipokwisha kufa ganzi. Ukihitaji kuchoma tena, chomea ndani ya eneo lililokwisha kufa ganzi, si kwenye ngozi mpya. Ikiwa jeraha ni safi, pitisha sindano kwenye kingo zilizo wazi badala ya kutoboa ngozi nzima iliyo pembeni. Kwenye jipu mambo ni magumu zaidi: usaha na uvimbe huifanya nyama kuwa na asidi, hivyo ganzi hufanya kazi kwa udhaifu, na ni afadhali kuizungusha katika ngozi iliyo nzima kandokando ya jipu.

Kwa mtoto, au mtu mwenye hofu kubwa, krimu yenye lignokaini na prilokaini inaweza kupakwa juu ya ngozi isiyo na jeraha na kufunikwa kwa muda wa saa 1 hivi kabla ya sindano. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi hutoa nafuu ndogo lakini ya haraka. Mazungumzo ya kawaida nayo husaidia, ilimradi usimdanganye mgonjwa kwamba hataumia kabisa.

Upole usikusahaulishe usalama. Uliza kuhusu mzio, vuta kisukumio cha bomba la sindano nyuma kidogo kuhakikisha hukuingia kwenye mshipa wa damu, na usizidishe miligramu 4.5 za lignokaini kwa kila kilo ya uzito, au 7 ikiwa ina adrenalini. Dawa ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, kwa hiyo mtu mzima wa kilo 50 asipewe zaidi ya mililita 22 za ile isiyo na adrenalini. Kisha subiri dakika chache, jaribu kwa kuibana ngozi kwa koleo, na umweleze mgonjwa kwamba atahisi kuguswa na kuvutwa, lakini akisikia ukali wowote aseme mara moja ili aongezewe dawa.