Kuagiza mabasi yaliyostaafu na kuyatunza kwa biashara ya kukodisha: hatua kwa hatua

Muuzaji wa basi lililostaafu atakutajia mwaka wa kutengenezwa, kilomita na idadi ya siti, kisha atakutumia picha zilizopigwa likiwa limetoka kuoshwa. Mimi huanza na swali jingine: basi hili lilikuwa likifanya kazi gani, na wenyewe wameliacha kwa nini? Jibu ndilo linaloniambia kitu gani kitaharibika kwanza na spea zipi niziagize pamoja nalo. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka magari mawili matatu, hata sita, ya kukodisha kwa harusi, misiba, safari za shule, wafanyakazi na watalii.

Hatua ya 1: Jua limestaafu kwa nini

Kuna mabasi yanayoondolewa na sheria. Uingereza, tangu Januari 2016, mabasi ya ratiba yasiyo na ghorofa yalitakiwa yote yawe yanapandika kwa kiti cha magurudumu, na ya ghorofa yakafuata Januari 2017. Tokyo ilianza kuzuia magari ya dizeli yenye moshi mchafu mwaka 2003. Kanuni ikibadilika hivyo, magari yenye afya huuzwa kwa wingi, na hayo ndiyo ya kuwinda. Mengine huondoka kwa sababu mkataba wa njia umekwisha au kampuni haishiki gari kupita umri fulani. Hayo nayo ni mazuri, na mara nyingi huja na kumbukumbu za matengenezo.

Kundi la tatu ni yaliyochoka, na hakuna muuzaji atakayekwambia. Omba kumbukumbu za karakana za miaka miwili ya mwisho. Ukiona matengenezo makubwa yamekoma ghafla, usishtuke. Mwenye gari alishaamua kuliuza, akaacha kulitia fedha. Cha kuogopa ni jambo dogo linalojirudia, kama maji ya rejeta kuongezwa kila baada ya siku chache. Huo ndio ugonjwa wenyewe.

Tazama pia kazi liliyozoea. Basi la mjini limefungwa difu (gia za kwenye ekseli ya nyuma) ya kusimama na kuondoka. Ukilipeleka safari ndefu, injini inalia kwa mizunguko mingi, mwendo haupandi na dizeli inakwisha. Sakafu yake iko chini, kwa hiyo barabara mbovu italikwaruza tumbo, na buti la mizigo halina. Basi la masafa lina difu ndefu, ya mwendo, siti za kuegemea nyuma na nafasi ya mabegi. Kwa kukodisha hilo ndilo lenye kazi nyingi. Anayeanza namshauri mabasi madogo kama Toyota Coaster, Mitsubishi Rosa au Nissan Civilian yaliyokuwa yakibeba wafanyakazi au wageni wa hoteli. Ni mepesi, elektroniki yake si nyingi, na fundi wa kawaida anayaelewa.

Kuhusu ya ghorofa, najua yanavutia. Routemaster za London, zilizotengenezwa kati ya 1954 na 1968 na kuondolewa kwenye njia za kawaida Desemba 2005, bado hukodiwa kwa harusi, na bodi yake ya alumini hailiwi na kutu kama chuma. Lakini gari la zaidi ya mita nne kwenda juu linataka mtu aipite kila njia kwanza na kuangalia nyaya, matawi na madaraja. Usilifanye gari lako la kwanza.

Hatua ya 2: Linganisha na sheria zako na dizeli yako

Kabla ya kutuma hata senti, muulize wakala wa forodha mambo haya na akujibu kwa maandishi: ukomo wa umri, na kama umri unahesabiwa tangu kutengenezwa au tangu kusajiliwa mara ya kwanza, upande wa usukani, kiwango cha moshi, upana, urefu na kimo kinachoruhusiwa, na ushuru unakokotolewa kwa thamani ipi. Basi la watu kumi au zaidi, dereva akiwemo, huingia kwenye fungu la 8702 la ushuru wa kimataifa, na ndani ya fungu hilo viwango hubadilika kwa idadi ya siti na aina ya injini. Siti moja kwenye karatasi inaweza kukuhamisha kiwango.

Mlango nao. Basi la nchi ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara lina mlango upande wa kulia. Kuhamishia mlango upande wa pili si kazi ya kukata bati tu, maana mabasi mengi hayana chesisi nzito chini. Nguzo za bodi ndizo zinazobeba uzito. Ukikata nguzo bila kuweka nyingine ya nguvu ileile, baada ya muda vioo vitaanza kupasuka vyenyewe na paa kuvuja. Nunua lenye mlango upande unaotakiwa.

Halafu dizeli. Euro ni ngazi za viwango vya moshi vya Ulaya, na namba ikipanda kiwango kinakaza. Injini ya Euro 3 iliundwa kwa dizeli yenye salfa hadi sehemu 350 kwa milioni. Ya Euro 5 na 6 inataka isiyozidi 10. Ukiipa dizeli chafu, kichujio cha masizi kinaziba, taa zinawaka kwenye dashibodi, gari linapoteza nguvu mlimani likiwa na abiria. Injini nyingi za Euro 4 kwenda juu hutumia pia AdBlue, maji ya kusafisha moshi yenye urea asilimia 32.5, ambayo huharibika yakikaa sana kwenye joto. Kama huna uhakika wa kuipata kila unakokwenda, chukua injini ya zamani zaidi, ikiwa sheria inaruhusu. Na mabasi ya gesi, soma tarehe ya mwisho iliyogongwa kwenye mitungi kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Hatua ya 3: Kagua, au mlipe mtu akague

Picha hazitoshi. Kama huwezi kwenda, mlipe mkaguzi asiyehusiana na muuzaji, umwombe video moja isiyokatwa. Ianze na kiganja cha mkono kikiwa juu ya injini kuonyesha kuwa ni baridi, kwa sababu injini iliyopashwa moto kabla hujafika huficha mengi. Kisha iwashwe. Moshi mweupe unaokaa dakika nyingi, au wa buluu, ni habari mbaya. Injini ikiwa inanguruma, afungue kifuniko cha kujazia oili: mvuke kidogo ni kawaida, lakini kikipuliza kwa mapigo kama mtu anayehema, ringi za pistoni zimekwisha.

Kama breki ni za upepo, upepo ufuate. Gari lijae upepo mpaka kompresa (pampu ya upepo) ikate, injini izimwe, breki ikanyagwe na kushikiliwa. Mshale wa geji ya upepo usishuke zaidi ya robo ya baa kwa dakika. Hapo ndipo mkaguzi azunguke gari akisikiliza, chemba ya breki moja moja, na kwenye mabegi ya hewa ya springi. Ukishuka haraka, andika sehemu inayovuja. Bomba si ghali, ila begi lililochakaa likipasuka safarini gari linakaa upande.

Kutu ndiyo inayoamua bei. Nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji hula magari kutoka chini. Gonga kwa nyundo ndogo pale mabegi ya hewa yanaposhikia, matao ya magurudumu, sakafu ya buti na ngazi za mlango. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya bubu. Tumbo lililopakwa rangi nyeusi mbichi lina kitu linaficha, lichokonoe.

Kilomita usiziamini peke yake. Mabasi ya Uingereza huhesabu maili, na mita hubadilishwa. Tazama mpira wa kanyagio la breki na siti ya dereva. Basi lenye kilomita milioni na kumbukumbu kamili nalipenda kuliko lenye laki mbili na kanyagio lililolika hadi chuma.

Tairi zina namba kwenye ubavu, na tarakimu zake nne za mwisho ni tarehe ya kutengenezwa: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa nzee, hata kama kashata ni nzima, zihesabu kuwa za kutupa.

Hatua ya 4: Nunua gari pamoja na spea zake

Chagua modeli moja na uishikilie. Magari matatu ya aina moja hula filta moja, mikanda moja, fundi mmoja, na la nne lililokufa injini unaweza kulinunua kwa bei ya chuma ulichinje. Kabla ya kulipa, andika namba kamili za injini, giaboksi, difu na kompresa kutoka kwenye vibao vyake, kwa sababu modeli yenye jina lilelile huweza kuwa na giaboksi tofauti. Agiza palepale kioo cha mbele, maana ni kikubwa na hakipatikani ovyo, vioo vya pembeni, pampu ya maji, altaneta, stata, chemba za breki na kijitabu cha nyaya za umeme. Hicho kijitabu ndicho watu hukisahau.

Hatua ya 5: Karatasi na meli

Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na iliyo kwenye cheti cha kufuta usajili, herufi kwa herufi. Kosa la tarakimu moja kwenye hati ya shehena litaliweka gari bandarini siku kadhaa, na gharama za hifadhi zinahesabiwa kila siku. Jua bei uliyopewa inaishia wapi: kwenye meli kule, au bandari yako pamoja na nauli na bima. Bima ya baharini ikate hata kama gari ni la bei ndogo.

Meli za kubeba magari hutoza kwa ujazo, kwa hiyo vioo vya pembeni vikunjwe au ving'olewe kabla ya kipimo. Spea usiziache zimetapakaa ndani ya basi; kampuni nyingi za meli hazizikubali, na zikikubali zinaweza zisifike. Zitume kwa kreti peke yake.

Hatua ya 6: Kutoka bandarini

Kama limekaa muda, usiliendeshe moja kwa moja safari ndefu. Betri, oili, maji, upepo wa tairi, kisha nati za magurudumu. Mabasi mengi ya zamani ya Kijapani yana nati za kinyume upande wa kushoto, yaani hufunguka ukizungusha kuelekea mkono wa saa. Kijana wa tairi asiyejua atazikaza kwa bomba refu mpaka bolti ikatike.

Likilazimika kuvutwa, toa propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) kwanza, hasa kama ni gia otomatiki, kwa sababu pampu ya oili ya gia haifanyi kazi injini ikiwa imezimwa. Breki za maegesho zikiwa zimejifunga kwa kukosa upepo, zifunguliwe kwa bolti yake maalumu. Klampu ya chemba yenye springi usiifungue kamwe. Springi iliyomo ndani inaweza kuua.

Karakana, badilisha vimiminika vyote bila kujali ulichoambiwa: oili ya injini, gia, difu, usukani, na maji ya rejeta. Mikanda na mabomba ya mpira yote mapya. Kisha ingia kwenye injini na tochi. Moto wa basi mara nyingi huanzia huko: kebo ya stata iliyosuguana na chuma, bomba la kurudisha dizeli lililokauka, oili inayodondokea kwenye turbo. Osha, fuatilia kila kebo kwa mkono, funga upya iliyochubuka.

Mabasi mengi yana volti 24, betri mbili za 12 zilizounganishwa. Fundi wa muziki atataka kuchukua 12 kutoka kwenye betri moja. Mkatalie, afunge kipunguza volti. Vinginevyo betri moja itakufa na kuiua mwenzake.

Hatua ya 7: Matunzo ya gari linalosimama

Basi la mjini liliharibiwa na kazi. Lako litaharibiwa na kusimama. Gari la kukodisha hulala wiki nzima, kisha Jumamosi linatakiwa liende mbali na kurudi bila kosa. Mipira ya vali za upepo hukauka, dramu za breki zinashika kutu, maji hujikusanya chini ya tenki la dizeli, tairi zinapata bapa.

Kwa hiyo kila wiki litoke, liende barabarani mpaka injini ipate joto lake kamili na breki zitumike kweli. Kuwasha na kuliacha likinguruma uani hakusaidii. Kunajaza masizi na kuchosha betri. Liegeshe na tenki limejaa. Fungua vali za mitungi ya upepo utoe maji; ukiona maziwa ya oili, kompresa inapitisha oili, na kikaushio cha upepo kibadilishwe. Toa maji kwenye filta ya dizeli. Zima swichi kuu ya betri. Badilisha oili kwa miezi pia, usisubiri kilomita ambazo hazitafika upesi.

Gurudumu likifunguliwa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Dereva aandike kwenye daftari la gari alichosikia, hata kama ni mlio mdogo tu, na fundi asaini alichofanya. Daftari hilo liwe la gari, lisiwe la dereva, kwa sababu madereva huondoka. Lionyeshe dizeli, spea na siku za kazi kwa kila basi. Gari ambalo miezi sita mfululizo linakula spea kuliko linavyolipwa, lisimamishe, ling'oe stata, altaneta, kompresa na vioo, uvipange kwenye rafu vikiwa na lebo, na bodi iende kwa wanunuzi wa chuma.