Propela ya mashine ya 15: chagua kwa mzigo, pima kwa mizunguko

Mashine ya nguvu farasi 15 hufungwa kwenye boti nyepesi ya faiba inayorambaza nguru (inayowavua kwa kuvuta chambo nyuma yake ikiwa mwendoni), na hiyohiyo hufungwa kwenye chombo cha mbao kilichojaa nyavu, barafu na watu sita. Duka huwauzia wote propela moja. Namba za hapa ni za Yamaha Enduro 15 ya mchanganyiko wa petroli na oili, inayojulikana Pwani na Ziwa Victoria. Mwenye mashine nyingine afuate hatua zilezile, ila namba azitoe kwenye kitabu chake.

1. Soma maandishi ya propela

Futa grisi na uchafu, utaona maandishi kama 9 1/4 x 9 - J. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi: inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kama skrubu kwenye ubao. Herufi ni aina ya kitovu (sehemu ya katikati inayovishwa kwenye shafti), na yenye herufi tofauti usinunue hata kipenyo kikilingana. Kwa mashine hii kipenyo hakibadiliki sana; unachochagua hasa ni pichi, 8 kwa mzigo mzito hadi 12 kwa chombo chepesi kabisa.

2. Hakikisha kosa si la kitu kingine

Propela nyingi hubadilishwa bila sababu. Anza na urefu wa shafti: fupi ni ya ubao wa tezi (wa nyuma, mashine inapofungwa) wenye kimo cha takriban sm 38, ndefu sm 51. Bamba lililo juu ya propela liwe sawa na chini ya chombo au lishuke kidogo. Likiwa juu zaidi, propela inavuta hewa: mashine inapiga kelele ghafla kwenye kona au wimbi, na chombo hakiendi.

Kelele ya namna hiyo hutoka pia kwenye mpira ulio ndani ya kitovu. Mpira huo ukiachia, chombo kinakwenda vizuri taratibu, lakini ukiongeza gesi mashine inakimbia peke yake. Piga mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje, toka majini, kisha uangalie. Mstari ukikatika na vipande kupishana, mpira umekwisha.

Angalia na mapanga ya propela. Kwaruzo ndogo hulainishwa kwa tupa laini. Panga lililopinda au kupasuka ni habari nyingine: likichomelewa mtaani pichi yake hailingani tena na wenzake, na mtetemo utakula beringi na sili (mpira unaozuia maji kuingia kwenye gia).

3. Pima ukiwa na mzigo wa siku zote

Mashine hii haina geji ya mizunguko. Nunua kipimo kidogo cha dijitali, ambacho waya wake huzungushwa kwenye waya wa plagi. Kabla ya kutoka, kihakiki mashine ikiwa fri na gesi imeachiwa: ikisoma karibu 2,000 huku inaunguruma taratibu, mpangilio wa kipimo unahesabu mara mbili, ubadili.

Pakia watu, mafuta, barafu na nyavu kama siku ya kazi. Tafuta maji yaliyotulia, fungua gesi yote, subiri namba itulie. Rudia upande wa pili ili upepo na mkondo visikudanganye. Andika mizunguko, na mwendo wa GPS kutoka kwenye simu.

4. Amua

Gesi ikiwa mwisho, mashine inatakiwa izunguke 4,500 hadi 5,500 kwa dakika. Lenga nusu ya juu. Kila inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko 150 hadi 200 hivi: ukipunguza pichi mizunguko inapanda, ukiongeza inashuka. Mathalani umesoma 4,400 kwa pichi 10 1/2. Ukishuka hadi 8 utegemee 4,800 au 4,900.

Ukibaki chini ya 4,500 mashine inabebeshwa: inapata joto, kaboni inajaa, pistoni zinaumia. Wengi huogopa pichi ndogo wakidhani inaua mwendo. Hesabu inakataa. Gia ya mashine hii hupunguza mizunguko kwa 2.08, kwa hiyo 5,000 za mashine ni 2,404 za propela. Kwa pichi 9, hiyo ni kilomita 33 kwa saa kwenye karatasi. Chombo kizito chenye urefu wa mita 7 majini hakivuki sana kilomita 12, kwa hiyo zaidi ya nusu ya pichi inapotea tayari. Ukiongeza nyingine unaongeza mzigo tu.

Ukirudi bila mzigo na pichi 8, mizunguko inaweza kuvuka 5,500. Punguza gesi, basi.

5. Kwa wanaorambaza

Chambo bandia cha nguru huvutwa mafundo (maili za baharini kwa saa) 5 hadi 7, chambo hai 2 au 3. Kama boti nyepesi inapita 3 hata gesi ikiachiwa, shusha pichi. Usishushe skrubu ya sailensa (inayopanga mizunguko gesi ikiachiwa) kupita kiasi, maana mashine itazima katikati ya mawimbi.

6. Funga

Chomoa kofia za plagi zote mbili na weka fri. Zuia panga kwa kipande cha mbao chini ya bamba, fungua nati. Vuta propela, kisha toa washa ya mbele, iliyo kati yake na nyumba ya gia, ukikumbuka upande wake, kwani ikisahaulika propela inasaga nyumba ya gia. Kata mshipi wowote uliojizungusha kwenye shafti. Ndio unaokata sili, na oili ya gia ikiwa nyeupe kama maziwa ujue maji yameshaingia. Paka meno ya shafti grisi isiyoyeyuka majini, rudisha kila kitu kwa mpangilio wake, kaza, tia kotapini mpya (pini inayozuia nati isifunguke).

Kwa maji ya miamba nunua ya aluminiamu. Hupinda yenyewe, wakati ya stenlesi hupeleka pigo kwenye gia. Ya zamani ikiwa nzima iache chomboni pamoja na nati, kotapini na spana yake.