Kabla hujalipia ramani, chora jiko chini

Tukionyeshwa ramani ya nyumba, macho yanakimbilia sebule na chumba cha masta. Jiko linapewa kipande kilichobaki, stoo haipo kabisa. Ukishahamia ndiyo unakuta gunia la mchele limelala koridoni.

Chukua chaki, nenda uani, chora jiko kwa vipimo vilevile vya ramani. Weka alama ya friji, kisha ya mlango wake ukiwa wazi. Simama kama unasonga ugali, mwambie mtu apite nyuma yako na sufuria. Akikugusa, jiko ni dogo, hata mchoraji wa ramani aseme nini. Mbele ya kaunta acha angalau mita moja.

Stoo ya mita 1.5 kwa 1.5 inatosha familia nyingi, ila mlango wake ufungukie jikoni, na juu iwe na tundu la hewa lenye wavu. Unga na unyevu havipatani.

Halafu mtungi wa gesi: utengee kibanda nje, nyuma ya ukuta wa jiko. Mimi niliusahau, sasa umekalia nafasi ya kabati la vyombo.