Namna ya Kulinda Haki Zako Unapovuka Mpaka Kufanya Kazi Nchi Jirani

Mfanyakazi anayevuka mpaka kutafuta riziki nchi jirani mara nyingi hadhulumiwi kwa sababu sheria haipo. Hudhulumiwa kwa sababu siku anapodai chake, mwajiri yuko upande mmoja wa mpaka, wenzake waliomwona akifanya kazi wameshatawanyika, nakala pekee ya mkataba imo katika kabati la ofisi aliyofukuzwa, na yeye mwenyewe amekwisha kurudi kwao. Ndiyo maana mwongozo huu unatilia mkazo ushahidi kuliko jambo jingine lolote: namna ya kuukusanya ukiwa bado kazini, namna ya kuutunza mahali ambapo mwajiri haufikii, na namna ya kuutumia kabla hujaondoka.

Fahamu kwanza uko katika kundi gani

Sheria haiwatazami kwa jicho moja watu wote wanaovuka mpaka kwa ajili ya kazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Kulinda Haki za Wafanyakazi Wahamiaji na Familia Zao, uliopitishwa tarehe 18 Desemba 1990 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2003, unamtambua mfanyakazi wa mpakani kuwa ni yule ambaye makazi yake ya kawaida yamebaki katika nchi jirani, na ambaye hurudi huko kila siku au angalau mara moja kwa wiki. Anayekwenda wakati wa mavuno na kurudi msimu unapokwisha ni mfanyakazi wa msimu. Aliyetumwa na mwajiri wa nchi yake kufanya kazi ya muda ng'ambo ya mpaka yuko katika kundi jingine, kwa kuwa mwajiri wake amebaki nyumbani na huenda hata mashauri yake yakasikilizwa huko.

Tofauti hizi zina uzito. Mkataba Namba 97 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949, unaotaka wahamiaji walio nchini kihalali watendewe sawa na raia katika ujira na masharti ya kazi, unawaacha nje wafanyakazi wa mpakani. Mkataba Namba 143 wa mwaka 1975 unawaacha nje katika sehemu yake ya pili tu. Sehemu ya kwanza, ambayo ndimo ilimo Ibara ya 9 kuhusu ujira wa kazi iliyokwisha kufanyika, haiwabagui. Kwa hiyo, kabla ya kuanza kazi, uliza katika chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi maswali mawili: je, nchi ninakokwenda imeridhia mikataba gani, na je, kuna makubaliano ya nchi mbili au itifaki ya jumuiya ya kikanda inayowahusu watu kama mimi? Kwa maoni yangu swali la pili ndilo lenye faida ya haraka zaidi, kwa sababu makubaliano ya majirani kwa kawaida hutaja ofisi ya kwenda, fomu ya kujaza na muda wa kufanya hivyo, ilhali mikataba ya kimataifa hutaja haki yenyewe na kuishia hapo. Tena nchi nyingi zinazopokea wafanyakazi hazijauridhia ule mkataba wa mwaka 1990, kwa hiyo usiutegemee peke yake.

Kabla hujavuka

Dai mkataba wa ajira ulioandikwa kwa lugha unayoielewa, na uusome ukiwa bado upande wa kwenu, mahali ambapo unaweza kukataa bila kulala nje. Hakikisha limetajwa humo jina kamili la mwajiri na mahali alipo, kazi utakayoifanya, saa za kazi, siku ya mapumziko, kiasi cha ujira na fedha ya nchi ipi itakayotumika, makato yote, anayelipia malazi na nauli, na namna ya kuuvunja mkataba huo. Suala la fedha hupuuzwa sana mpakani. Ukikubaliana kwa fedha ya nchi moja na kulipwa kwa fedha ya nchi nyingine, bila kuandika ni kiwango kipi cha kubadilishia kitakachotumika na cha siku ipi, umempa mwajiri nafasi ya kukupunja kila mwezi bila kuvunja neno lake hata moja.

Wapo waajiri wanaokuonyesha mkataba mmoja kabla ya safari na mwingine ukishafika, wenye ujira mdogo zaidi. Picha ya ule wa kwanza, iliyo wazi na yenye kurasa zote, iliyotumwa kwa ndugu yako kabla hujaondoka, ndiyo kinga yako. Kwa wafanyakazi wa nyumbani, Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011 unazitaka nchi zilizouridhia zihakikishe kwamba mfanyakazi anapewa barua ya kazi au mkataba wa maandishi kabla hajavuka mpaka. Hata hivyo, unaruhusu kutofuatwa kwa sharti hilo pale ambapo wafanyakazi wana uhuru wa kwenda na kurudi chini ya makubaliano ya kikanda au ya nchi mbili, na hali hiyo ndiyo ya majirani wengi. Ina maana kwamba dada anayekwenda kufanya kazi za ndani nchi jirani, mahali ambapo mpaka uko wazi, anaweza kukosa kinga ambayo mwenzake anayekwenda nchi ya mbali anayo. Basi aidai mwenyewe.

Kuhusu mawakala wa ajira, Mkataba Namba 181 wa mwaka 1997 unakataza, isipokuwa kwa vibali maalumu, mfanyakazi kutozwa ada yoyote na wakala binafsi, iwe moja kwa moja au kwa mzunguko. Mkataba Namba 95 wa mwaka 1949 nao unakataza makato kutoka katika ujira kwa ajili ya kumlipa mwajiri au dalali ili mtu apate au asipoteze kazi. Ukiombwa fedha, omba risiti yenye jina, tarehe na sababu ya malipo. Anayekataa kuandika risiti amekwisha kukujulisha yeye ni mtu wa namna gani, na ni afadhali kuikosa kazi hiyo kuliko kuianza ukiwa na deni mikononi mwake.

Pasipoti na kitambulisho ni mali yako

Ibara ya 21 ya ule mkataba wa mwaka 1990 inasema kwamba ni kosa kwa mtu yeyote, isipokuwa ofisa wa serikali aliyeidhinishwa na sheria, kuchukua au kuharibu hati za utambulisho, hati za kuingia nchini au vibali vya kazi vya mhamiaji. Mwajiri akitaka kuziona ili anakili taarifa zako, mwonyeshe kisha uzichukue siku hiyo hiyo. Akisema anakutunzia zisipotee, mshukuru na umwambie kwamba utazitunza mwenyewe. Akishikilia, mwandikie ujumbe mfupi wa heshima: "Bosi, naomba pasipoti yangu niliyokukabidhi jana asubuhi ofisini." Jibu lake lolote, hata likiwa la kukataa, ni uthibitisho kwamba anayo. Kushikiliwa kwa hati, kuzuiliwa ujira, kufungwa kwa deni na kutishwa ni miongoni mwa viashiria 11 ambavyo Shirika la Kazi Duniani huvitumia kutambua kazi ya kulazimishwa. Vinapokutana viwili au vitatu, jambo limevuka ugomvi wa kawaida wa kazini.

Daftari la kazi

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na ujira ni mali. Nunua daftari dogo, lisitumike kwa jambo jingine lolote, na uandike kila siku, siku hiyo hiyo, kwa kalamu ya wino. Mstari mmoja unatosha: "Jumatatu tarehe 4. Nimeingia saa 12:30 asubuhi, nimetoka saa 11:15 jioni, mapumziko nusu saa. Tumeshusha magunia ya saruji kutoka lori lenye namba hii. Msimamizi alikuwa fulani. Nilikuwa pamoja na fulani na fulani." Siku ya malipo andika kiasi ulichopokea, fedha ya nchi gani, mkononi mwa nani, mbele ya nani, na kwa siku zipi. Siku usiyolipwa iandike pia, pamoja na maneno uliyoambiwa.

Nguvu ya daftari hili iko katika vitu vidogo ambavyo mtu hawezi kuvitunga baadaye: namba ya lori, mvua iliyosimamisha kazi saa nane mchana, jina la mlinzi aliyefungua lango. Daftari lililojazwa lote kwa siku moja hujulikana, kwa kuwa wino ni ule ule na mwandiko ni ule ule, na saa za kuingia hazitofautiani hata kwa dakika moja. Likiungwa mkono na ujumbe wa simu linakuwa na uzito zaidi. Ukimwandikia mkeo au mumeo kila jioni kwamba umetoka kazini, simu inaweka tarehe na saa yenyewe. Ujumbe wa malipo kwa simu usiufute, na usitegemee kuunakili kwa mkono. Hifadhi picha ya skrini inayoonyesha namba na tarehe, na simu yenyewe iliyoupokea itunze.

Haya yote yana msingi mkubwa zaidi. Pendekezo Namba 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linasema kuwepo kwa uhusiano wa ajira kuamuliwe hasa kwa kutazama jinsi kazi ilivyofanyika na jinsi malipo yalivyotolewa, hata kama pande mbili ziliuita uhusiano huo kwa jina jingine. Mwajiri anayesema wewe ni kibarua tu wa siku, au mkandarasi wa kujitegemea, anajibiwa na daftari linaloonyesha kwamba ulikuwa chini ya msimamizi wake, kwa saa zake na kwa vifaa vyake, siku sita kila wiki.

Ukiumia kazini

Anayeishi ng'ambo ya pili akiumia, rahisi kwa kila mtu ni kumrudisha kwao akatibiwe, na hapo ndipo fidia hupotea. Ikiwa hali yako inaruhusu, pata kwanza huduma katika nchi ulikoumia, na umwombe daktari aandike kwamba umeumia kazini, mahali gani na saa ngapi. Mtake msimamizi aandike taarifa ya ajali siku hiyo hiyo. Akikataa, mtumie ujumbe unaoeleza kilichotokea. Kuhusu michango ya hifadhi ya jamii, pata namba yako ya uanachama na, kabla ya kuondoka, taarifa ya michango iliyolipwa. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni Namba 883 ya mwaka 2004 inaruhusu vipindi vya michango vya nchi mbalimbali kujumlishwa; kwingineko hutegemea makubaliano yaliyopo, lakini hakuna mahali panapojumlishwa kisichoonyeshwa.

Kama huna kibali

Kukosa kibali hakufuti deni la ujira. Ibara ya 25 ya mkataba wa mwaka 1990 inasema mwajiri haondolewi wajibu wake kwa sababu ya hali ya ukaazi ya mfanyakazi, na Ibara ya 9 ya Mkataba Namba 143 inalinda haki zitokanazo na kazi iliyokwisha kufanyika. Pamoja na hayo, nawasihi walio katika hali hii wasiende peke yao katika ofisi ya serikali kabla ya kupata ushauri, kwa kuwa katika baadhi ya nchi taarifa huvuka kutoka ofisi ya kazi hadi ya uhamiaji. Anzia kwenye chama cha wafanyakazi au kituo cha msaada wa kisheria, ambao wanaweza kupeleka malalamiko kwa niaba yako. Mkataba Namba 81 wa mwaka 1947 unamtaka mkaguzi wa kazi akifanye siri kabisa chanzo cha malalamiko anayopokea. Mkumbushe hilo anayekuwakilisha. Mwajiri akikutisha kwamba atawaita watu wa uhamiaji ukidai mshahara, andika maneno hayo katika daftari, pamoja na saa na jina la aliyeyasikia.

Kudai

Anza na barua fupi au ujumbe unaotaja siku ulizofanya kazi, kiasi unachodai, na tarehe unayomtaka alipe. Usitukane, usitishe. Muda ukipita, peleka nakala ya barua, picha za daftari na za ujumbe kwa ofisa kazi au chama cha wafanyakazi katika nchi ulikofanyia kazi, kwa maana huko ndiko madai mengi husikilizwa. Mkiwa wengi mliodhulumiwa na mwajiri mmoja, nendeni pamoja. Daftari za watu watano zinazotaja lori moja na siku moja ni vigumu kuzikana. Uliza mapema ukomo wa muda wa kufungua madai, kwa sababu katika nchi nyingine ni wa wiki chache tu.

Mwajiri akikuletea karatasi inayosema huna madai yoyote zaidi, naye anakulipa nusu, usiisaini ilivyo. Andika kando ya sahihi yako, kwa mkono, kiasi ulichopokea na maneno "sehemu ya malipo". Ukikamatwa, omba ubalozi wa nchi yako ujulishwe, kwa kuwa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu Uhusiano wa Kikonseli unakupa haki hiyo. Ukiamriwa kuondoka nchini, sema wazi kwamba una ujira unaodai na uombe hilo liandikwe katika kumbukumbu za ofisi, maana Ibara ya 22 ya mkataba wa mwaka 1990 inataka anayefukuzwa apewe nafasi ya kukamilisha madai yake ya ujira kabla au baada ya kuondoka.

Ikiwa huna budi kurudi kabla shauri halijaisha, saini hati ya kumpa wakili, chama cha wafanyakazi au mtu unayemwamini mamlaka ya kukuwakilisha na kupokea fedha kwa niaba yako, na uiandikishe ukiwa bado katika nchi hiyo. Itaje namba ya shauri, kiasi kinachodaiwa na akaunti au namba ya simu ambako fedha zitatumwa. Nakala moja ibaki naye, nyingine ipelekwe ofisi ya kazi, na ya tatu uvuke nayo pamoja na daftari.