Vazi la kutisha lisiwe la kutukana: maelekezo ya fundi cherehani wa Mtwara

Korosho zikishaanza kupigwa mnada pesa inaonekana mjini, na mezani kwangu hapa Chikongola magauni ya harusi yanachanganyikana na oda ambazo fundi aliyenifundisha kazi hakuwahi kuzikata: mavazi ya Halloween. Sherehe yenyewe ni ya wenzetu wa Marekani, tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Watakatifu Wote. Watoto wao huvaa vya kutisha na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Shule binafsi za huku zimechukua kuvaa, peremende zimeziacha, na siku hiyo wanaiita siku ya mavazi. Wapo wazazi wasioitaka kabisa kwa sababu ya dini. Mtoto wao abaki nyumbani na asiandikwe mtoro, basi.

Ninawaandikia mwalimu aliyepewa kazi ya kuipanga siku hiyo, mzazi anayeniletea kitambaa, na fundi mwenzangu. Maana vazi likimuumiza mtoto wa mtu, kila mmoja wetu humnyooshea kidole aliyelivaa, na aliyelivaa ana miaka tisa.

Mwalimu, kazi yako inaanza kwenye barua ya wazazi. Nyingi ninazoletewa hapa zimeandikwa "mtoto aje na vazi la ubunifu" na hakuna zaidi. Hiyo si barua, ni mlango ulioachwa wazi. Andika mtoto anaweza kuvaa nini: mnyama, mdudu, kazi, mzimu, jini, mhusika wa hadithi. Andika na asichoruhusiwa: kabila la watu, ibada ya watu, maradhi au ulemavu wa mtu, na sare ya jeshi. Halafu weka jina la mwalimu mmoja na namba yake ya simu, mzazi amtumie picha ya vazi wiki moja kabla. Jina la mtu, tafadhali. Ukiandika "uongozi wa shule", siku ya lawama uongozi mzima utakuwa kikaoni.

Hiyo sare ya jeshi watu wanaichukulia kama mchezo. Kwenye marobota ya mitumba kombati za mabaka hazikosekani, na mama anaona amepata vazi la bei nafuu. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake, na Kanuni ya Adhabu inakataza raia kuyavaa. Kwangu kombati haipunguzwi mikono wala haiwekwi lastiki, hata kwa mtoto wa chekechea.

Kwa mengine yote nina swali moja, na ninalitoa kabla sijachukua futi: kuna mtu anaamka hivi na kulala hivi? Mifupa inayotembea, hakuna. Popo, hakuna. Jini mwenye kwato, sijakutana naye. Shona. Lakini kipofu na fimbo yake anaamka hivyo. Mtawa wa Ndanda anaamka na shela lake. Kazi nazo zina wenyewe, mvuvi wa Shangani na muuguzi wa Ligula, ila kumvaa mvuvi si kumtukana mpaka umtie chupa ya gongo mkononi na umpepesushe. Hapo swali linahitaji macho, si mdomo tu.

Oda inayonisumbua kuliko zote ni ya "Mmakonde wa kutisha". Mteja anaeleza vizuri kabisa: kaniki kuukuu, mistari ya wanja mashavuni kama chale, na kizibo cha soda kibandikwe juu ya mdomo kiwe ndonya, lile pambo la mdomo wa juu. Bibi yangu wa Newala alikuwa na ndonya. Alitogwa mdomo akiwa mwali, na aliivaa kama wewe unavyovaa hereni, kwa kujua inampendeza. Kwenye picha pekee tuliyonayo ameinua kidevu ili ionekane. Sasa mjukuu wa mtu abandike kizibo cha soda, wenzake wapige kelele na kukimbia, na kitukuu wa bibi mwingine amesimama mstari uleule akitazama.

Mtu akiniuliza, mbona kwenye ngoma ya shule watoto wanavaa hivyohivyo? Wanavaa, na nimewashonea. Siku ya utamaduni mtoto anacheza sindimba, mwalimu anaeleza chale ni za nini na ndonya ilivaliwa na nani, wazee wamekaa mbele wanapiga vigelegele. Siku ya Halloween hitaji ni zimwi, na bibi ndiye anayepewa nafasi ya zimwi. Kitambaa ni kilekile. Siku ndiyo inayokibadilisha.

Mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, ni jambo la kuulizia. Kinyago cha lipiko kinatisha kweli, ndiyo kazi yake, na kina mahali pake kwenye jando. Kwa desturi ambaye hajatahiriwa hatakiwi kujua aliyemo ndani ni nani. Shule ikitaka kukitumia iende kwa wazee wa ngoma kwanza. Wakisema hapana, ni hapana. Minyororo ya mtumwa sishoni wala sinunui. Tuko pwani hii, Mikindani na Kilwa Kivinje ni majirani zetu, na mpaka leo kumwambia mtu babu yake aliletwa na msafara wa watumwa ni tusi la kuvunja undugu.

Kuna vazi ambalo nalikataa kabla mteja hajamaliza kueleza: mtoto apakwe unga wa muhogo mwili mzima, avae nywele za bandia za manjano, awe mtu mwenye ualbino, na mwenzake awe mganga mwenye tunguri. Katika nchi hii watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa kwa imani kwamba viungo hivyo vinaleta utajiri, hadi Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Mtoto mwenye ualbino aliyeko darasani haoni mchezo pale. Anaona anavyoweza kufa.

"Fundi, ni utani tu wa watoto," wateja huniambia. Sawa dada, tuuzungumze utani, sisi watu wa kusini tumelelewa nao. Mtani anaweza kuingia kaburini kabla ya maiti akakataa kutoka mpaka alipwe, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Lakini mtani ukimchokoza ana haki ya kukurudishia, na wote wawili mmerithi utani huo kutoka kwa wazee wenu. Mtoto wa kiti cha magurudumu amerithi wapi utani na aliyejifunga mguu kwa kamba ili achechemee? Atamrudishia nini?

Vazi la kuumiza likishavaliwa, ndiyo mnatafuta wa kuwajibika. Msianze na mtoto. Fuateni mikono iliyolipitisha vazi: nani alilitaka, nani alilipia, nani alilishona, nani aliiona picha yake akajibu "limependeza", nani alikuwa getini asubuhi. Kila mmoja alikuwa na nafasi ya kulizuia, na aliyekuwa na nafasi ya mwisho akiwa na mamlaka ndiye anayeanza kujibu. Mara nyingi ni mwalimu wa zamu, na juu yake mkuu wa shule. Mzazi anafuata, na fundi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa kabila, rangi, dini au ulemavu, na humo hamna kifungu cha kumsamehe mtu mzima kwa kuwa ilikuwa siku ya furaha.

Tena wakati mwingine mtoto hata hayumo. Kwenye Halloween ya 2018 walimu wa shule moja ya msingi mjini Middleton, jimbo la Idaho, Marekani, walivaa wenyewe. Kundi moja lilivaa kofia pana na masharubu ya bandia kama Wamexico, jingine likajipanga kuwa ukuta wa mpakani wenye kaulimbiu ya kampeni ya Trump. Picha zikawekwa kwenye ukurasa wa Facebook wa elimu wa wilaya yao. Msimamizi wa shule za wilaya akaomba radhi hadharani, na wafanyakazi 14 wakasimamishwa kwa muda huku mishahara ikiendelea. Mimi kama fundi nawaza ule ukuta. Mtu alikata, mtu akapaka rangi, mtu akaandika maneno, na hakuna aliyeweka mkasi chini.

Siku yenyewe fanyeni hivi. Ukaguzi uwe getini, kabla ya mstari, na awepo yule mwalimu mwenye jina kwenye barua. Wekeni pembeni ndoo ya maji, sabuni, na kanga au vitenge vichache. Mtoto aliyekuja na vazi baya achukuliwe kando taratibu, anawe uso, afungwe kitenge shingoni awe mfalme, arudi kucheza. Asisimamishwe mbele ya wenzake, na fimbo isiguswe. Simu za walimu zikae mfukoni mpaka ukaguzi uishe: Justin Trudeau alijipaka rangi ya kahawia usoni akiwa mwalimu wa shule binafsi Vancouver mwaka 2001, na picha ikaibuka 2019 akiwa waziri mkuu wa Kanada.

Kama vazi limepita na mtoto mwingine ameumia, nenda kwa aliyeumia kwanza, kabla ya kumpigia simu mzazi wa aliyevaa. Muulize amesikia nini na anataka nini. Wengine hawataki kuombwa radhi mbele ya shule nzima, wanataka tu kurudi darasani bila kutazamwa. Radhi ya shule itolewe na mkuu wa shule kwa mdomo wake, nyumbani kwa mtoto ikibidi, na isiwe ile ya "kama kuna aliyekwazika". Kuna aliyekwazika, na ana jina.

Fundi mwenzangu, ukikataa oda rudisha advansi yote, halafu mpe mteja vazi jingine palepale asiondoke mikono mitupu. Mimi nauza mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria. Mifupa yake Wajerumani waliichimba hapo Lindi kati ya 1909 na 1913, na mmoja amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Watoto wakisikia alikuwa wa huku, habari ya mizimu inaisha. Tumia tetroni ya kijivu, usitumie satini, inateleza na Oktoba joto ni kali. Shingo ijazwe vipande vya sponji na ishikiliwe na waya mwembamba uliofungwa kitambaa ncha zote mbili. Mkia uwe na zipu, uvuliwe wakati wa kukaa. Oda zake napokea mpaka tarehe 20.