Jinsi ya kupima mchango wa kadherini katika mwendo wa kundi la seli

Seli za epitheliamu (utando unaofunika mwili na viungo) zinapofunika kidonda husonga zikiwa zimeshikana. Kadherini-E, protini inayohitaji kalsiamu, hufunga seli na seli; integrini, protini nyingine, hushika sakafu ya chombo. Jaribio hili hulegeza mshiko wa kwanza na kuuacha wa pili, kwa kutumia seli za MDCK za figo ya mbwa.

1. Panda seli 200,000 kwa kila kisima cha sahani ya visima 24, ndani ya mililita 1 ya DMEM (kimiminika cha kulishia seli) yenye seramu asilimia 10. Acha saa 24 hadi 48, sakafu ijae kabisa. Usiharakishe hapa: tripsini (kimeng'enya cha kubandulia seli) isiyo na kalsiamu hukata kadherini juu ya seli, na lazima zijengwe upya. Kwa walioko Kampala, mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Asilimia 5 ya kabonidayoksaidi haitoshi na DMEM huelekea zambarau, yaani hupungukiwa asidi. Weka inkubeta kwenye asilimia 5.7 hivi.

2. Chora mstari chini ya kisima kwa kalamu, kisha kwaruza kwa kuukata mstari huo, ukitumia ncha ya pipeti ya mikrolita 200 iliyosimama wima. Osha mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli) yenye kalsiamu na magnesiamu. PBS tupu hulegeza viungo hata katika visima vya kulinganishia.

3. Weka DMEM yenye seramu asilimia 1, makundi matatu:
- bila nyongeza;
- EGTA, kemikali inayonyakua kalsiamu, milimola 2 (mikrolita 4 za akiba ya mola 0.5, pH 8, kwa mililita 1);
- EGTA hiyohiyo pamoja na kloridi ya kalsiamu milimola 2.

Kundi la tatu ndilo linalothibitisha kwamba tatizo ni kalsiamu, si sumu. Usibadilishe EGTA kwa EDTA: EDTA hunyakua magnesiamu pia, integrini huachia, na seli zitaelea. EGTA ikishika kalsiamu hutoa asidi, hivyo DMEM ikigeuka njano irekebishe pH kabla ya kuimimina.

4. Piga picha saa 0, 4, 8 na 12, pale palepale kando ya mstari wa kalamu. Umeme ukikatika, usifungue mlango wa inkubeta; ruka picha hiyo na uandike saa.

5. Pima eneo la pengo kwa Fiji (programu ya kuchanganua picha), lakini usiishie hapo. Pengo linaweza kupungua huku seli zikitangatanga ovyo. Hesabu seli zilizojitenga kabisa ndani ya pengo. Katika kundi la kwanza ukingo husonga kama karatasi moja, wakati mwingine ukitoa vidole vinavyoongozwa na seli kubwa bapa. Katika la pili seli hujiviringa na kuachana. Hadubini yako ikiweza kupiga picha kila dakika 10, gawa umbali mnyoofu wa seli kwa urefu wa njia yake yote: thamani iliyo karibu na 1 ni mwendo ulionyooka.

Ukingo ukikunjika au kung'oka vipande vipande, ncha ilikokotwa kwa mshazari. Tupa kisima hicho.