Farasi ngapi? Kupima mashine ya boti ya uvuvi kabla ya kuilipia Nairobi

Mashine hununuliwa Nairobi, boti iko Mbita ya Ziwa Victoria, Karagita ya Naivasha au Kilifi ya Pwani. Makosa mengi ya ukubwa, yaani nguvu za mashine zinazohesabiwa kwa farasi, huanzia hapo: mnunuzi anasimama dukani na pesa mkononi, boti haioni, na muuzaji hawezi kujua inabeba nini. Kabla ya kwenda dukani, mpigie simu ndugu aliye ufuoni akupimie vitu vinne: uzito wa boti ikiwa imepakiwa, umbo la sehemu yake ya nyuma, urefu wake pale inapogusa maji, na kimo cha ubao unaofungwa mashine. Jambo la tano unalijua mwenyewe: maji yenyewe yako kwenye mwinuko gani.

Anzeni na uzito, kwa sababu ndio unaoamua karibu kila kitu. Ufuoni hakuna mizani ya boti, lakini watu wapo. Ikiwa inahitaji wanaume 12 kuinyanyua mchangani, na kila mmoja anabeba kama kilo 40, boti ina karibu kilo 500. Ipimwe ikiwa imetoka majini, maana mbao zilizolowa ni nzito kuliko kavu. Chukua sasa boti ya mbao ya mita 7, aina ya Sesse, ya Ziwa Victoria: boti kilo 500, wavuvi wanne 280, nyavu zilizolowa pamoja na kamba na nanga 120, samaki na barafu 300, petroli lita 40 ambayo ni kama kilo 30, na mashine yenyewe 40. Jumla kilo 1,270. Wengi huhesabu boti tupu na watu wawili, halafu wanashangaa mashine inapochoka wakati wa kurudi na mzigo.

Umbo linafuata. Boti yenye mkuku (mti mrefu wa chini kabisa) na tumbo la mviringo, iliyochongoka kuelekea nyuma, hukata maji, haipandi juu yake. Ina mwendo wake wa mwisho, nao hutokana na urefu: chukua urefu wa boti pale inapogusa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili (namba ambayo ikijizidisha yenyewe inatoa urefu huo), zidisha kwa 4.5, utapata kilomita kwa saa. Boti yetu inagusa maji kwa mita 6.25, kipeuo ni 2.5, kwa hiyo mwendo ni kama kilomita 11 kwa saa. Ukiongeza nguvu kupita hapo, boti inainua omo (mbele), inazamisha tezi (nyuma), inajichimbia shimo ndani ya wimbi lake yenyewe. Petroli inakwisha na mwendo hauongezeki kwa kiasi cha maana. Farasi 40 kwenye boti hiyo ni hasara, tena ni hatari kwa misumari ya nyuma.

Kwa boti ya kukata maji, tumia farasi 4 kwa kila tani kwenye maji yaliyotulia. Tani 1.27 zinadai farasi 5. Ongeza nusu yake kwa ajili ya upepo wa mbele na mawimbi, unafika 7.6. Bado mwinuko, nitaueleza hivi punde. Ukiuhesabu unafika 8.6. Mashine ya farasi 8 itafaa kwa uvuvi wa karibu na ufuo. Kwa wanaovuka kwenda visiwani, ambako upepo wa mchana unaweza kukukamata mbali, chukua 15. Hapo mashine haifanyi kazi kwa nguvu zake zote kila siku, na hiyo ndiyo inayoipa maisha marefu.

Boti ya faiba yenye tumbo bapa, kona kali ubavuni na tezi pana ni habari nyingine. Hiyo inaweza kupanda na kuteleza juu ya maji, lakini inataka farasi 1 kwa kila kilo 20 hivi. Boti ya mita 5 ya Naivasha: faiba kilo 180, watu wawili 140, nyavu 40, samaki 50, petroli 15, mashine 50. Ni kilo 475, yaani farasi 24 hivi. Kama huna uwezo wa kununua mashine ya nguvu hiyo, usinunue ya nusu yake ukitumaini itapanda. Haitapanda. Nunua farasi 8, ukubali kwenda polepole, na utaokoa petroli.

Sasa mwinuko, jambo linalosahaulika kuliko yote. Hewa ya juu ni nyepesi, na mashine ya kawaida hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134, kwa hiyo asilimia 11 imeondoka kabla hujafungua mafuta. Naivasha, karibu mita 1,885, inakula asilimia 19: mashine iliyoandikwa 25 inakupa 20 tu. Ile boti ya faiba iliyotaka 24 inahitaji mashine ya 30. Turkana, kwenye mita 360 hivi, upotevu ni mdogo, na Kilifi haupo kabisa.

Mwinuko huo una mtego wa pili kwa mashine za kabureta. Nairobi iko kama mita 1,700. Ukiiwasha mashine ndani ya pipa la maji hapa mjini, inaweza kutoa moshi mwingi na kuweka masizi meusi kwenye plagi, kwa sababu petroli imezidi hewa. Fundi atakushauri abadilishe jeti (kijitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta) aweke ndogo. Kama mashine inaenda Naivasha, ni ushauri mzuri. Kama inaenda baharini, mkatalie. Jeti ndogo kwenye hewa nzito ya Pwani inafanya mchanganyiko kuwa mkavu, pistoni inapata moto kupita kiasi, mwisho inakwama. Jeti huwekwa kulingana na maji ambako mashine itafanya kazi.

Urefu wa mguu wa mashine nao ni sehemu ya ukubwa. Pima wima katikati ya tezi, kutoka juu ya ubao wa mashine hadi chini kabisa ya boti. Sentimita 38 hivi ni mguu mfupi, sentimita 51 ni mguu mrefu. Lile bamba bapa lililo juu ya propela linatakiwa kuwa sawa na chini ya boti, au chini yake kwa sentimita 2 au 3. Mguu ukiwa mfupi mno, propela inavuta hewa kila wimbi linapoinua tezi: mashine inapiga kelele ghafla, boti inasimama. Ukiwa mrefu mno, unaburuta chuma majini na kukwangua mawe ufuoni. Ubao wenyewe uwe imara, na mashine ifungwe kwa bolti zinazopita ubao mzima, mbali na vile vibano vya mkono, pamoja na mnyororo. Vibano hulegea kwa mtikisiko.

Petroli: mashine ya mipigo miwili (ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli) hunywa karibu nusu lita kwa kila farasi kwa saa ukifungua mafuta yote, ya mipigo minne (yenye oili yake peke yake) kama theluthi ya lita, ila ni nzito na ghali zaidi. Farasi 15 ya mipigo miwili ni lita 7.5 kwa saa. Safari ya kilomita 20 kwa mwendo wa 11 ni lita 14 hivi, kwenda na kurudi 28. Beba 42: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya upepo. Kwa uwiano wa kawaida wa 50 kwa 1, kila lita 20 za petroli hupata mililita 400 za oili ya mipigo miwili. Wakati wa kuilainisha mashine mpya, oili huongezwa; fuata kipimo cha kitabu chake.

Jaribio la mwisho hufanyika majini, boti ikiwa na mzigo wote. Funga kipima mizunguko kwenye waya wa plagi, fungua mafuta yote, usome. Kitabu cha mashine kinataja mizunguko inayotakiwa; nyingi za mipigo miwili ni 4,500 hadi 5,500 kwa dakika. Ikishindwa kufika, mashine inabeba mzigo kuliko inavyoweza, inajaza masizi na kupata moto. Badilisha propela, weka yenye mkato mdogo (mkato ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja): kila inchi 1 inayopungua huongeza mizunguko 200 hivi. Ikizidi, weka mkato mkubwa. Ufanye hivyo kabla ya kumlaumu muuzaji.

Ukisafirisha mashine ya mipigo minne kutoka Nairobi, ilaze kwa ubavu uliochorwa kwenye kibandiko chake, huo tu. Ukilaza vibaya, oili inaingia kwenye silinda. Hilo likitokea, fungua plagi na uzungushe mashine kwa kamba hadi oili itoke, ndipo uiwashe.